Mnauliza Tunajibu: Nchi ndogo kama Uswisi inachaguaje ndege ya kivita?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia kwenye jambo moja, kwa hiyo maswali ya mbolea na ya mikopo ya vikundi naomba yasubiri toleo lijalo. Tuanze na fundi.

SWALI: Kamwene mhariri. Mimi ni fundi wa mashine za dingdong hapa Mafinga, kazi yangu kuchana mbao na kufufua injini zilizokufa. Juzi mvua imetufungia kijiweni tukaanza kubishana habari ya Uswisi kununua ndege za kivita. Mwenzangu anasema kale kanchi hakana hata bahari, hakajapigana na nchi nyingine miaka 200 sasa, ndege za kivita za nini? Na kama pesa wanazo kwanini wamehangaika zaidi ya miaka 10 kuchagua, si unaenda unalipa unachukua mzigo wako? Naomba unijibu kwa lugha ya fundi.

JIBU: Kamwene fundi wangu, na poleni na mvua. Naanza na ndege ambayo hata si ya kivita, tena imetoka huku huku Afrika.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 2014 ndege ya abiria ya Ethiopian Airlines, Boeing 767 yenye watu 202 ndani, ilitoka Addis Ababa inaenda Roma. Njiani kapteni akaenda chooni, rubani msaidizi akafunga mlango wa chumba chao kwa ndani, basi ndege ikawa imetekwa na mtu yule yule aliyekuwa anaiendesha. Italia wakarusha ndege zao za kivita kuisindikiza, ikaingia Ufaransa, Wafaransa nao wakarusha za kwao, mpaka ikatua Geneva kule Uswisi kama saa 12 asubuhi, rubani akashuka dirishani kwa kamba akajisalimisha na kuomba hifadhi. Tunashukuru Mungu hakuna aliyeumia. Sasa jiulize, ndege za Uswisi wenyewe zilikuwa wapi muda wote huo? Zilikuwa zimefungiwa. Jeshi lao la anga wakati ule lilikuwa linafanya kazi saa za ofisi, saa 2 asubuhi mpaka saa 6 mchana, wanapumzika, halafu saa 7 na nusu mpaka saa 11 jioni, kwa sababu pesa na watu vilitosha kwa hapo tu. Mpango wa kulinda anga saa 24 ulikuwa umeshaanza kuzungumzwa, ila ulikuja kukamilika mwishoni mwa 2020, ndo sasa ndege mbili zenye silaha zinakaa tayari usiku na mchana, zinatakiwa ziwe zimeruka ndani ya dakika 15.

Kwa hiyo mwambie mwenzako wa kijiweni kwamba kazi kubwa ya hizo ndege ni upolisi wa angani. Na udogo wa nchi ndo unafanya kazi iwe ngumu zaidi. Uswisi ina kilomita za mraba kama 41,000 tu, yaani Mbeya yetu ya zamani kabla Songwe haijakatwa mwaka 2016 ilikuwa kubwa kuliko Uswisi nzima. Ndege ya abiria inaikatiza nchi ile kutoka mashariki mpaka magharibi kwa dakika 25 hivi. Ukitoa zile 15 za kujiandaa na kuruka umebakiwa na nini? Halafu wamejitangaza hawaegemei upande wowote, hawapo NATO, ule umoja wa kijeshi wa Marekani na nchi nyingi za Ulaya, kwa hiyo hawawezi kila siku kumtegemea jirani aje kuwaangalizia uwanja wao.

Sasa tuje kwenye ufundi. Ndege walizonazo ni F/A-18 za Marekani, walinunua 34 miaka ya 90, zimebaki 30. Wewe unajua lori la Fuso, injini unashusha unafunga nyingine, gia boksi unabadilisha, lakini chesisi ikishaanza kupiga nyufa hapo hakuna ujanja. Ndege iko hivyo hivyo. Mwili wake unahesabiwa saa za kuruka, za kwao ziliwekewa saa 5,000, wakazikarabati na kuziongezea zifike 6,000, na hesabu yao inaonyesha zitafika karibu na 2030 basi. Kwa hiyo ukiona serikali inaanza kutafuta ndege nyingine miaka 10 kabla usidhani wana haraka, hapo wameshachelewa.

Halafu kuna hiki kinachowachukua muda, na mimi ndo ninachokipenda kuliko vyote kwenye habari hii. Uswisi mwananchi akiona Bunge limepitisha jambo halimridhishi, wakikusanya sahihi 50,000 ndani ya siku 100 jambo hilo linarudi kwa watu wote linapigiwa kura. Mwaka 2014 serikali ilishachagua ndege, Gripen E ya Sweden, 22 kwa faranga bilioni 3.126. Sahihi zikakusanywa, tarehe 18 Mei watu wakaenda kwenye kura, asilimia 53.4 wakasema hapana. Angalia tarehe fundi, ni miezi mitatu tu baada ya ile ndege ya Ethiopia! Watu wameona kabisa anga lao halina mlinzi usiku na bado wamekataa, na moja ya sababu iliyosemwa sana ni kwamba ndege yenyewe ilikuwa bado inatengenezwa, wananunua kitu ambacho kiko kwenye michoro. Hapo sikubaliani na wanaosema Waswisi hawajui wanachotaka. Walijua. Walikataa mzigo, ulinzi wenyewe hawakuukataa.

Serikali ikarudi na njia nyingine. Mara hii ikaomba pesa tu, faranga bilioni 6, bila kutaja ni ndege gani. Sahihi zikakusanywa tena, kura ikapigwa tarehe 27 Septemba 2020, ikapita kwa asilimia 50.1. Tofauti ilikuwa kura 8,670 hivi nchi nzima, watu ambao ukiwaleta Mbeya hawajazi hata nusu ya Uwanja wa Sokoine. Nikiwaza hiyo namba nakaa kimya. Mabilioni yote yale yamepita kwa watu wa jukwaa moja.

Majaribio yalikuwa yameshafanyika 2019 kwenye kituo cha Payerne. Gripen E ikaambiwa bado haijakamilika isije, zikabaki nne, Eurofighter, Rafale ya Ufaransa, Super Hornet na F-35A zote mbili za Marekani. Kila moja ikarushwa misheni 8, wakapima rada, wakapima kelele, wakauliza maswali mengi kuhusu matengenezo. Tarehe 30 Juni 2021 wakatangaza F-35A imeshinda kwa pointi 336, ndege 36 kwa faranga bilioni 5.068.

Na hapa fundi ndo nataka ukae vizuri. Kwenye tangazo lile lile kulikuwa na namba nyingine, kununua na kuzitumia kwa miaka 30 jumla yake ni kama bilioni 15.5. Yaani ile bei watu wanayobishania ni theluthi moja tu. Theluthi mbili ni spea, mafuta, mafunzo, programu za kompyuta, mafundi. Serikali ilisema F-35 ndo imekuwa nafuu kwenye jumla hiyo, kwa bilioni 2 hivi chini ya iliyoifuata, sababu mojawapo mafunzo mengi ya rubani yanafanyikia kwenye simyuleta, yaani mashine ya kuigiza kuruka, hapo chini badala ya kuchoma mafuta angani. Ila vifaa vyake si vya mchezo. Kofia ya rubani peke yake inatengenezwa kwa kipimo cha kichwa chake, huwezi kumuazima mwenzako, inamletea picha za kamera zilizozunguka ndege mpaka akiangalia chini ya miguu yake anaona ardhi kama vile sakafu haipo, na imeripotiwa mara nyingi bei yake ni kama dola 400,000. Kofia moja!

Nikueleze kilichonikuta mwenyewe ndo utaelewa kwanini nashikilia hapo. Shemeji yangu Igurusi alinunua mashine ya kugredi mchele, ile inayotumia kamera kuona punje nyeusi na kuzipuliza pembeni. Bei ilikuwa nzuri, muuzaji mcheshi, chai tulikunywa pamoja. Msimu wa pili kadi moja ikaungua. Mimi ndo niliishika mkononi, ndogo kama kiganja, ya kijani, kona moja imekuwa nyeusi na inanuka moshi bado. Tukampelekea fundi mzuri tu wa redio pale mjini, akabadilisha vitu viwili vitatu, ikawaka, lakini mashine ikawa inaomba namba ya siri na hiyo namba anayo muuzaji peke yake. Muuzaji akasema lazima tununue kadi mpya kutoka kwake, inakuja na meli, nusu ya pesa kwanza. Wiki 7 magunia yamelala godauni, wateja wakahamia Ubaruku. Shemeji alikuwa na karatasi zote za umiliki, mashine ni ya kwake kabisa, lakini aliyekuwa anaamua iwake au isiwake alikuwa mtu mwingine aliyekaa mbali.

Ndo hilo Waswisi wamekuja kukutana nalo. Miaka yote serikali iliwaambia wananchi hiyo bei haibadiliki, imefungwa. Juni 2025 ikabidi itoke hadharani iseme Marekani wanadai hiyo bei ya kufungwa ilikuwa ni kutoelewana, na nyongeza inaweza kuwa kati ya dola milioni 650 na bilioni 1.3 hivi. Mwezi wa 8 mwaka huo huo Marekani ikawapiga ushuru wa asilimia 39 kwenye bidhaa zao, wanasiasa wengi wakaanza kusema basi tuvunje huo mkataba, serikali ikagoma, ikasema tunaendelea. Desemba ikatangaza itachukua idadi itakayotosha kwenye ile bilioni 6 iliyopigiwa kura, maana yake zinaweza zisifike 36. Wangevunja wangeenda wapi? F/A-18 zinazeeka, kuanza tenda upya ni miaka, na ndege yoyote ya kivita foleni yake kiwandani ni ndefu.

Kwa hiyo swali lako la si unalipa unachukua, jibu langu ni kwamba ukinunua ndege ya kivita unakuwa umeoa ukoo mzima kwa miaka 30. Mahari ni hiyo bei ya kwanza. Ndo maana wanachukua muda, na mimi nasema wana haki ya kuchukua muda.

SWALI: Habari mhariri, mimi nauza mitumba Mwanjelwa, nimesoma toleo la nyuma mlipogusia bei za hizo ndege kichwa kikaniuma. Kwani ndege za kivita hazina mitumba? Sisi hapa mteja hana pesa ya dukani tunamfungulia belo anapata kitu kizuri tu.

JIBU: Zipo dada, tena soko lake kubwa. Romania amenunua F-16 zilizotumika za Ureno akaongeza na 32 za Norway. Argentina mwaka 2024 amechukua 24 za Denmark, baada ya Denmark kuhamia F-35. Hizo ni grade one, zimetunzwa vizuri na zina karatasi.

Lakini kisa ambacho wewe mwenye biashara utakielewa haraka ni cha Croatia. Nchi ya watu kama milioni 3.9, ilikuwa inaruka na MiG-21, ndege iliyobuniwa miaka ya 50 huko Urusi ya zamani. Machi 2018 wakachagua F-16 za mitumba 12 kutoka Israel, dili la dola kama milioni 500, wakafurahi kwa sababu Waisraeli walikuwa wamezifunga mitambo yao ya kielektroniki ya ziada, yaani ni kama nguo ya mtumba ambayo fundi ameshaipiga nakshi ikawa nzuri kuliko ya dukani. Sasa F-16 asili yake Marekani, na sheria ya kuuziana ni kwamba huwezi kumuuzia mtu wa tatu bila Marekani kuridhia. Wamarekani wakasema uzeni, lakini hiyo mitambo ya ziada itolewe kwanza, ndege zirudi zilivyotoka kiwandani. Croatia wakasema sisi tulichagua zikiwa na hiyo mitambo. Januari 2019 dili likafa.

Unaona hapo? Muuzaji yupo, mnunuzi yupo, pesa ipo mezani, na mtu wa tatu ambaye hata hayupo sokoni ndo anaamua. Kwako wewe ukishafungua belo hakuna mtu wa Ulaya atakupigia simu kukuambia hilo koti usimuuzie huyu.

Croatia wakaanza upya, Mei 2021 wakachagua Rafale za Ufaransa, 12, nazo zimetumika, kwa euro milioni 999. Za kwanza zikatua Zagreb Aprili 2024, ya mwisho ikafika Aprili 2025, zile MiG-21 wakazistaafisha mwisho wa 2024. Bei ni mara mbili ya lile dili la kwanza lakini mwenye kiwanda na mwenye kuuza ni nchi hiyo hiyo moja, mnamalizana hapo hapo. Mimi naona walifanya vizuri. Walijifunza kwa kuumia, wakalipa zaidi ili wawe na mtu mmoja tu wa kuongea naye.

SWALI: Mwalimu wa jiografia Tukuyu hapa, wanafunzi wangu wameniuliza, zipo nchi Ulaya hazina kabisa ndege za kivita? Zinalindwa na nani?

JIBU: Zipo mwalimu. Estonia, Latvia na Lithuania hazina hata moja. Walipoingia NATO mwaka 2004 wenzao wakaanza kupokezana zamu ya kulinda anga lao, nchi moja inaleta ndege zake inakaa kituo cha Šiauliai kule Lithuania, ikimaliza zamu inakuja nyingine, na tangu 2014 wanatumia na kituo cha Ämari cha Estonia. Slovenia inalindwa na Italia pamoja na Hungary. Iceland haina hata jeshi la kudumu. Waambie wanafunzi ni kama sungusungu, nyumba ya mjane nayo inalindwa kwa sababu iko ndani ya kitongoji. Uswisi imechagua kukaa nje ya kitongoji, kwa hiyo inajilinda yenyewe. Ndaga fijo kwa kuwafundisha watoto kuuliza.

SWALI: Oya mhariri, mi ni kijana wa Uyole, kuna klipu inazunguka kwenye simu wanasema F-35 ina kitufe Marekani, wakikasirika wanabonyeza ndege yako inazima hewani. Ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, hicho kitufe kilisemwa sana Machi 2025, mpaka watengenezaji na nchi kadhaa zilizonunua zikatoka kukanusha. Wizara ya ulinzi ya Uswisi nayo ilisema ndege zake itazitumia bila kuomba ruhusa ya mtu. Mimi naamini kitufe hakipo, na naomba usiisambaze hiyo klipu.

Ila usiondoke hapo ukidhani hakuna tatizo. Rudi kwenye jibu la fundi wa Mafinga usome habari ya ile kadi ya mashine ya mchele. Mashine ya shemeji haikuzimwa na mtu, iliharibika yenyewe na ikakosa kadi, basi. F-35 inahitaji programu zake zisasishwe mara kwa mara, spea zake zinatoka kwenye ghala la pamoja la nchi nyingi na Marekani ndo ana sauti kubwa pale. Ukikosana naye ndege yako haianguki leo. Itaruka wiki hii, na wiki ijayo, halafu moja itasimama inasubiri spea, halafu ya pili, zile zilizobaki zinaanza kuruka na programu ya zamani. Mwezi huo huo wa Machi waziri wa ulinzi wa Ureno wa wakati ule, Nuno Melo, alisema wazi kwamba mwenendo wa Marekani inabidi uangaliwe wakati wanafikiria cha kununua baada ya F-16 zao. Hakuhitaji kitufe kuwa na wasiwasi.

Na ukisema basi wachukue ya Ulaya, Gripen ya Sweden nayo injini yake asili ni ya Marekani. Mnyororo uko mrefu. Unachoweza kuchagua ni pete ipi uishike.

SWALI: Mimi dereva wa lori, nalala Makambako naamkia Tunduma. Nimeambiwa Uswisi ndege za kivita zilitua kwenye barabara kuu ya lami. Tukifanyiwa hivyo TANZAM si tutakwisha?

JIBU: Ni kweli kaka. Tarehe 5 Juni 2024, kwenye barabara kuu ya A1 karibu na Payerne, F/A-18 zilitua na kuruka tena. Walifunga kipande hicho, wakatoa vyuma vya katikati vinavyotenganisha njia, wakafagia lami mpaka kokoto ya mwisho kwa sababu injini ya ndege ikivuta jiwe imekwisha. Magari yalikuwa yamepelekwa njia nyingine kabla, hakuna dereva aliyeshtukizwa. Mara ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa 1991. Sababu ni kwamba vituo vyao vikubwa vya ndege za kivita vimebaki vitatu, Payerne, Meiringen na Emmen, adui akivipiga hivyo vitatu ndege zote zimekwama chini. Pale Meiringen wana mapango yaliyochimbwa ndani ya mlima, ndege zinaingizwa humo kama gari gereji, lakini njia ya kurukia iko nje inaonekana na kila mtu. Kwetu, ukiangalia Kitonga ilivyo na zile kona, hakuna wa kutua pale, wewe endesha taratibu tu.

SWALI: Mzee wa Kihesa, Iringa. Mwanangu mhariri, umeeleza vizuri lakini umejificha. Wewe ungekuwa Mswisi ungepiga kura gani? Na hizo ndege hazipigi kelele kwa wafugaji wa kule milimani?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kelele zipo, na wamezipima. F-35A imeonekana ina kelele zaidi ya F/A-18 kwa desibeli 3 hivi wakati wa kuruka, na hiyo sikio linaitambua. Serikali ikawajibu watu wa vijijini kwamba idadi ya kuruka na kutua itapungua karibu nusu ukilinganisha na ndege za sasa, kwa ajili ya yale mafunzo ya simyuleta. Anayekaa bonde la Meiringen, milima huku na huku na mwangwi unarudi mara mbili, atalipima hilo jibu mwenyewe ndege zikianza kufika.

Kuhusu kura. Mwaka 2014 ningesema hapana, kwa sababu sinunui ndege ya kwenye michoro. Mwaka 2020 ningesema ndiyo, kwa ajili ya wale watu 202 waliofika Geneva alfajiri bila mwenye nyumba kuwa macho. Na mwaka 2022 ningekasirika sana mzee, na hili sijaliandika juu kwa sababu nilikuwa nalitafutia mahali. Baada ya F-35 kutangazwa, wapinzani wakiwemo Kundi la Uswisi Bila Jeshi, ambao tangu 1982 wanataka jeshi lifutwe kabisa, walikusanya sahihi zaidi ya 100,000 ili jina la ndege lipigiwe kura, wakazikabidhi Agosti 2022. Mimi jeshi nalitaka, kwenye mengi siko pamoja nao. Lakini sahihi zilitimia, kwa sheria ya nchi yao wenyewe. Serikali ikasema ikisubiri kura ofa ya Marekani itaisha muda Machi 2023, Bunge likaridhia, mkataba ukasainiwa tarehe 19 Septemba 2022. Kura haikupigwa tena, wapinzani wakaiondoa hoja yao maana hakukuwa na cha kuamua.

Miaka mitatu baadaye bei ikaja kupanda. Wale waliosimama sokoni na mitaani na karatasi za sahihi walikuwa wameshauliza mapema, bei hii imefungwa na nani na kwa karatasi ipi, wakaambiwa msiwe na hofu. Ningekuwa pale ningesaini hiyo karatasi yao mzee, halafu kwenye kura ningeipigia ndege ndiyo, nikishaonyeshwa hiyo karatasi ya bei.